Ulimwengu Ambamo Uzito Hubadilika: Somo kwa Waandishi wa Hadithi na kwa Wapima Maharage



Kikundi chetu cha uandishi kimeombwa kuleta hadithi za ulimwengu wa kubuni, na wazo lililopendwa kuliko yote ni la nchi ambamo nguvu ya mvutano si moja kila mahali. Kwenye kilima hiki mtu anaruka kama panzi; kwenye bonde lile mtungi mtupu unabebwa na watu wanne. Wazo ni zuri. Somo hili ni la kumsaidia anayetaka kuliandika, lakini litawafaa pia ndugu zetu ambao hawana haja na hadithi ila wana magunia ya kuuza Nakivale. Sababu yake itaonekana huko mbele.

Kabla hujaibuni nchi hiyo, ujue kwamba unaishi ndani yake.

Namba ya darasani na namba ya Mbarara

Kila aliyesoma fizikia ya sekondari anaikumbuka 9.8, au 10 kwa mwalimu aliyependa hesabu rahisi. Maana yake ni kwamba kitu kikiachwa kianguke, kila sekunde inayopita kasi yake huongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde. Vitabu vingi vinaandika 9.81, na kwa London hiyo ni kweli. Hapa Mbarara si kweli. Sisi tuko zaidi kidogo ya nusu digrii kusini mwa ikweta, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya bahari, na namba yetu ni karibu 9.776. Mombasa, pwani kabisa, ni karibu 9.781. Kwenye ncha za dunia ni 9.832.

Mwaka 2013 watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, waliunganisha vipimo vya setilaiti na ramani za milima wakatoa makadirio ya dunia nzima. Penye mvutano mdogo kuliko pote ni mlima Huascarán huko Peru, 9.7639. Penye mkubwa kuliko pote ni usoni mwa Bahari ya Aktiki, 9.8337. Mtu wa kilo 70 akitoka mlima ule kwenda bahari ile, mizani ya springi itamwonyesha nusu kilo zaidi.

Angalia nilivyosema: mizani itamwonyesha. Yeye mwenyewe hakuongeza nyama wala mafuta. Kiasi cha kitu chenyewe, ambacho wanafizikia wa Kiswahili hukiita tungamo, hakibadiliki kwa safari. Kinachobadilika ni uzito, yaani jinsi dunia inavyokivuta. Shika tofauti hiyo vizuri, maana hadithi yako na biashara ya maharage zote zinaitegemea.

Kwa nini dunia haivuti sawasawa? Kwanza inazunguka. Aliye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na mzunguko huo unampunguzia uzito kidogo, kama vile abiria wa bodaboda anavyohisi kutupwa nje kwenye kona kali. Kwa sababu ya mzunguko huo huo dunia imevimba kiunoni, hata aliye ikweta yuko mbali na kitovu chake kwa kilomita 21 zaidi ya aliye kwenye ncha. Jambo hili halikugunduliwa kwa kuwaza tu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika Kusini, si mbali na ikweta, na huko saa ya pendulamu iliyokwenda barabara Paris ilichelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Ikabidi aifupishe pendulamu. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliitumia saa hiyo iliyochelewa kuwa ushahidi kwamba dunia si mviringo kamili.

Pili ni kimo. Kila ukipanda kilomita moja, namba inapungua kwa 0.003 hivi. Juu kwenye kilele cha Margherita, Rwenzori, mita 5,109, imeshuka hadi karibu 9.77.

Tatu ni miamba iliyo chini ya miguu yako, na hapa sisi watu wa nchi hizi tuna sehemu yetu katika historia. Mwaka 1933 na 1934 Edward Bullard wa Cambridge alizunguka Afrika Mashariki na pendulamu zake akipima mvutano kituo baada ya kituo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1936. Mtu angetarajia nyanda zetu za juu, kwa wingi wa miamba yake, zivute kwa nguvu ya ziada. Hazifanyi hivyo, kwa sababu kina kirefu chini yake pana miamba yenye joto iliyotanuka na kuwa myepesi kuliko kawaida. Nyanda hizi zimekaa juu yake kama mtumbwi majini. Kwenye mabonde ya ufa mvutano umepungua zaidi. Bullard alidhani bonde la ufa limebanwa kutoka pande mbili. Wanajiolojia waliofuata wakaikataa tafsiri hiyo, wao wanasema nchi inavutwa na kupasuka. Vipimo vyake lakini vilibaki kuwa vipimo.

Ukitaka ajabu zaidi, tazama Bahari ya Hindi. Kusini mwa India na Sri Lanka uso wa bahari umezama zaidi ya mita 100 chini ya umbo la wastani la dunia, kwa sababu mvutano wa pale ni hafifu. Ni bonde la maji lisilo na kingo. Nahodha anayelivuka hahisi kuteremka wala kupanda, na chai haimwagiki kikombeni, kwa kuwa maji yametulia pale mvutano ulipoyaweka. Tunaposema mahali ni "sawa", hatumaanishi kingine ila kwamba mvutano unasema ni sawa.

Mvutano hubadilika hata kwa majira. Setilaiti mbili za GRACE zilizorushwa mwaka 2002 zilifuatana angani kwa umbali wa kilomita 220 hivi, kila wakati zikipima nafasi iliyo kati yao. Ile ya mbele ikikaribia mahali penye mvutano zaidi huvutwa mbele, na nafasi huongezeka. Kwa njia hiyo wanasayansi waliona, kutoka angani, maji ya Ziwa Viktoria yakipungua katika miaka ya ukame iliyoishia 2006. Maji yakiondoka, uzito wao huondoka nao.

Neno moja kuhusu Kayabwe, kwa kuwa kila anayepanda basi la Kampala hupita pale penye alama ya ikweta. Wale vijana wenye mabeseni matatu wanaowaonyesha wageni maji yakizunguka kulia, kushoto na bila kuzunguka, wanaonyesha ufundi wa kumimina maji. Mzunguko wa dunia hauwezi kuyaamuru maji ya beseni kwa hatua ishirini huku na huku. Na anayesema ukisimama pale unakuwa mwepesi kuliko Mbarara, naye apige hesabu: Mbarara iko karibu mno na ikweta hata latitudo haina la kusema, lakini Kayabwe iko chini yetu kwa mita 200 au zaidi. Ukihesabu kimo peke yake, pale ikweta wewe ni mzito kuliko hapa, kwa gramu tatu au nne.

Sasa tubuni

Kwa hiyo mwandishi hahitaji kuubuni ukweli wa kwamba mvutano hutofautiana, anaukuza tu. Njia rahisi ya kuukuza ni mzunguko. Dunia yetu ingezunguka mara 17 zaidi ya sasa, mtu wa ikweta asingekuwa na uzito kabisa, na wa ncha angebaki kama alivyo. Mmarekani Hal Clement, aliyekuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, aliichukua njia hiyo mwaka 1953 katika riwaya yake Mission of Gravity: sayari Mesklin inazunguka kwa dakika 18 hivi, ikweta yake ina mvutano mara 3 ya wetu, na ncha zake mara 700. Wenyeji wake ni viumbe wafupi kama tandu, na wanaogopa kuinuliwa kutoka ardhini kuliko wanavyoogopa kufa, kwa maana kwao kuanguka kimo cha kidole ni kifo. Hapo ndipo ulipo ufundi wa kitabu kile. Hakutaja namba akaiacha. Aliuliza namba hiyo inawafanyia nini watu wanapokula, wanapojenga na wanapoogopa.

Dunia yenye mzunguko ule wa mara 17 ingekuwa na siku ya dakika 84, na msomaji wa gazeti letu atauliza papo hapo: je, Swala tano katika dakika 84? Swali hilo limekwisha kuulizwa na watu wenye kazi ya kulijibu. Kituo cha anga cha kimataifa huizunguka dunia kila dakika 90 hivi. Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alipokwenda huko Oktoba 2007, Baraza la Fatwa la nchi yake lilikwisha kuandaa mwongozo: Swala ni tano kwa saa 24, na nyakati zifuate mahali chombo kilipoondokea. Anayetafuta kisa cha hadithi hana haja ya kwenda mbali.

Wengi wenu lakini hamkuchagua mzunguko. Mmechagua mpaka: hapa hivi, pale vile. Basi tuseme Mto Rwizi ndio mpaka, na upande wa Nyamitanga mvutano ni nusu ya ule wa mjini. Mengine ni mepesi kuyaona. Mruko unapanda mara mbili. Matone ya mvua yanashuka polepole. Mpira wa miguu unakaa hewani hadi golikipa anachoka kuungoja.

Lakini kuna mtego. Chukua jiwe upande wa Nyamitanga, lipandishe juu ya mnara wa mita 10. Kwa kuwa ni jepesi, umetumia nusu ya nguvu. Livushe mto kwa kamba hukohuko juu, kisha liachie lishuke upande wa mjini, ambako ni zito. Likishuka liache lizungushe gurudumu. Umepata maradufu ya ulichotumia. Lirudishe kwa daraja, chini kabisa, uanze tena. Nchi yako sasa ina umeme wa bure milele. Hakuna mtu anayekata kuni, hakuna maskini, na hadithi imekufa. Msomaji makini atauliza kwa nini hakuna aliyejenga gurudumu hilo, na mwandishi hatakuwa na jibu.

Maumbile yana jibu. Mvutano hauruhusu biashara ya namna hiyo, basi mpaka wenyewe lazima usukume. Jiwe lililo juu likivushwa kutoka upande mwepesi kwenda upande mzito litasukumwa lirudi lilikotoka, na kadiri lilivyo juu ndivyo linavyosukumwa zaidi. Ukipiga hesabu, kazi ya kulivusha kwa nguvu inalingana, bila kuzidi wala kupungua, na faida uliyodhani umeipata. Chini kabisa, usawa wa maji, hakuna msukumo wowote.

Ona zawadi uliyopewa na hesabu hiyo. Mama anayevuka daraja kwa miguu hahisi kitu ila mzigo kichwani kuwa mzito ghafla. Korongo anayeruka juu kutoka Nyamitanga anakutana na ukuta asiouona; itambidi ashuke hadi karibu na maji ndipo apite. Akirudi anavutwa kama mtu anayeteleza kwenye matope. Mvua ya mpakani inaegemea upande wa Nyamitanga. Na fundi anayejenga mnara wa msikiti ukingoni mwa mto, akifuata timazi yake kwa uaminifu tofali baada ya tofali, atamaliza na mnara uliopinda kuelekea mjini, na timazi itaapa kwamba umenyooka. (Timazi kuinama si uzushi mtupu: mwaka 1774 Nevil Maskelyne alipima jinsi mlima Schiehallion wa Scotland unavyoivuta timazi upande wake. Ni kidogo sana, lakini kinapimika.) Mwandishi angekaa mwaka mzima asibuni mnara ule. Kanuni moja aliyoikubali na kuifuata mpaka mwisho imempa.

Sasa mpeleke mfanyabiashara katika nchi hiyo. Ana mizani ya springi. Ananunua Nyamitanga, ambako gunia la kilo 100 linasoma 50, na kuuza mjini, ambako gunia lilelile linasoma 100. Baada ya msimu mmoja ana nyumba ya ghorofa. Nani atamzuia? Mzee yeyote mwenye mizani ya vitanga viwili. Weka gunia huku na mawe ya mizani kule: mvutano ukipungua, unapungua pande zote mbili, na mti wa mizani unabaki palepale. Springi hupima uzito. Vitanga hulinganisha kitu na kitu.

Mtu wa Merv

Aliyeufikiria ulimwengu wa namna hii mapema hakuwa mwandishi wa riwaya bali mtu wa mizani. Abd al-Rahman al-Khazini aliishi Merv, katika nchi inayoitwa leo Turkmenistan. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, aliyesomeshwa na bwana wake mtunza hazina, na mwaka 515 Hijria, karibu 1121 Miladia, alimwandikia Sultani Sanjar Kitab Mizan al-Hikma. Sehemu kubwa ya kitabu ni mizani yenye vitanga vitano inayopima kitu hewani na ndani ya maji, ili dhahabu safi itofautishwe na iliyochanganywa; humo alitegemea vipimo vya al-Biruni vya madini na vito. Lakini aliandika pia kwamba uzito wa kitu hutegemea umbali wake na kitovu cha ulimwengu. Alisema hayo zaidi ya miaka 500 kabla ya Newton. Alidhani uzito huongezeka kadiri unavyokwenda mbali na kitovu, na kwetu tulio juu ya ardhi ni kinyume chake. Lakini kwamba kitovuni uzito ni sifuri, hapo alipatia. Kwa maoni yangu jambo kubwa ni kwamba mtu aliyekaa mchana kutwa na vitanga, akitafuta udanganyifu wa uzani wa chembe ya shayiri, ndiye aliyejiuliza kama uzito wenyewe ni ule ule kila mahali. Sote tunajua jinsi Qur'ani inavyowaonya wanaopunja vipimo. Kuna sura nzima yenye jina lao. Al-Khazini aliichukulia kazi ya kupima kuwa ni kazi ya uadilifu.

Nakivale, kilo 96

Msimu uliopita nilikuwa Nakivale siku ya kuuza maharage. Mama mmoja alikuwa amepima gunia lake jioni iliyotangulia kwa mizani ya jirani: kilo 100. Mnunuzi alikuja na mizani yake ya kuning'iniza, akalitundika gunia, akasoma 96. Mama akamwuliza, "Mwanangu, kilo nne zimekwenda wapi?" Mnunuzi, kijana aliyepita shuleni, akamjibu, "Mama, mizani hii ilipimwa mjini. Huku bondeni mvutano wa dunia si kama wa mjini, kwa hiyo uzito unapungua." Watu wote wakanyamaza. Neno la sayansi likisemwa kwa uhakika huwanyamazisha watu, hasa watu waliokwisha kuzoea kuambiwa na wenye karatasi na kalamu.

Alichosema kina chembe ya kweli, ndiyo maana kinadanganya vizuri. Tukipime. Bonde la Nakivale liko chini ya Mbarara mjini kwa mita kama 200. Kushuka huongeza mvutano, hakupunguzi. Mizani ya springi iliyorekebishwa mjini, ikiletwa bondeni, itasoma gunia la kilo 100 kuwa zito zaidi, kwa gramu 6 hivi. Miamba ya chini inaweza kuvuta hesabu kidogo huku au kule, lakini baina ya mji na kambi tofauti haitafika gramu 20. Tuwe wakarimu zaidi: tuseme mizani ilirekebishwa London ikaletwa moja kwa moja bila kuguswa. Itapunguza gramu 370 hivi kwa kila kilo 100. Ili mvutano ule kilo nne kamili katika gunia lile, ingebidi mizani itundikwe kilomita 130 juu ya Nakivale, nje ya anga ya dunia.

Kilo nne zina sababu nyingine, na nyingi hazina ubaya. Unyevu ni mwizi mkubwa: mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 yakikauka hadi 13.5, gunia la kilo 100 linabaki na 94.8 bila mtu kugusa punje. Lakini hilo halitokei usiku mmoja ndani ya nyumba. Kuna gunia lenyewe kukatwa kwenye hesabu. Kuna mshale usioanzia kwenye sifuri. Na kuna mizani ambayo haijawahi kukaguliwa. Inayotumika kwa biashara Uganda inapaswa kuwa imekaguliwa na UNBS na kuwekewa alama yao, na alama hiyo una haki ya kuomba kuiona kabla gunia halijapanda.

Siku ile alama haikuwapo. Tukaleta dumu la lita 20, tukalijaza maji hadi kipimo. Lita 20 za maji ni kilo 20, na dumu tupu ni karibu kilo moja. Mizani ya jirani ilisoma 21. Mizani ya mnunuzi ilisoma 20 na kidogo. Mnunuzi akalitazama dumu, akamlipa mama kwa kilo 100, akasema springi imechoka. Springi iliyochoka hulegea, na ikilegea hurefuka zaidi kwa mzigo uleule, kwa hiyo husoma zaidi, si pungufu. Hilo hatukumwambia, mama alikuwa anahesabu pesa zake.

Dumu la maji halihitaji shahada. Penye mizani yoyote yenye shaka, ya mnunuzi au ya foleni ya mgao, pima kitu unachokijua.

Jaribio la mwezi huu

Waandishi na wasioandika, wote mnaweza kupima mvutano wa mahali mlipo. Chukueni uzi usiotanuka, kama wa kuvulia samaki, na kufuli. Fungeni uzi kwenye msumari ulio imara. Urefu kutoka kwenye msumari hadi katikati ya kufuli uwe mita 1, upimwe kwa makini. Vuteni kufuli sentimita 5 tu pembeni, mwachie bila kusukuma, na kwa saa ya simu mpime muda wa kwenda na kurudi mara 100. Gawanyeni kwa 100 mpate muda wa mara moja. Kisha: 39.48 mara urefu kwa mita, gawanya kwa muda huo uliozidishwa kwa wenyewe.

Kwa Mbarara mara 100 inapaswa kuchukua sekunde 201 hivi. London ingekuwa 200.6. Kosa la nusu sekunde kwenye jumla linahamisha jibu lenu kwa 0.05, na kosa la milimita moja kwenye uzi kwa 0.01, kwa hiyo rudieni mara tano na mchukue wastani. Mkipata 9.77 au 9.79, andikeni hivyohivyo, msilisukume jibu hadi lifike 9.81 ya kitabu. Walio Base Camp, Juru na Rubondo nao wapime, ila wasitegemee kuona tofauti na wa Nyamitanga. Ni ndogo kuliko uzi na kufuli vinavyoweza kuona. Leteni namba zote kabla ya toleo lijalo, pamoja na urefu wa uzi na mahali mlipopimia. Zilizo mbali na 9.78 tutazichapisha pia, tutafute pamoja zilikopotelea.